Bonyeza Nipo

Daktari Eddah Amolo alipanda kilima cha Chepkulei mchana ule akiwa na simu iliyojaa chaji, chupa ya maji, na hasira aliyoilea mwaka mzima.

Hospitali yake ilikuwa bondeni, mahali pazuri kwa maji na pabaya kwa simu. Zamani palikuwa na waya wa intaneti, lakini tingatinga lililokuja kutengeneza barabara liliukata, na kila aliyeulizwa habari za kuuunganisha alimtaja mwingine. Kwa hiyo daktari akitaka mtandao ilimbidi apande mpaka kwenye kituo cha kununua majani chai, ambacho watu wa huko hukiita baying. Hapo juu mashamba ya chai yamekatika, na mnara wa simu unaonekana ng'ambo, upande wa Bomet.

Na mtandao aliuhitaji kweli. Daktari, hata awe amesoma mpaka macho yamechoka, kila mwaka hutakiwa aendelee kusoma, na kwa kila somo hupewa pointi. Pointi zisipotimia, leseni yake haifanywi upya, na asiye na leseni hashiki kisu. Eddah hakuwa na ugomvi na kusoma. Tangu utotoni, baba yake akiwa fundi wa mashine kiwandani kule Kericho, alisomea kwenye taa ya koridoni majirani wakilala. Ugomvi wake ulikuwa kwamba masomo yenyewe yalimngoja awe na mgonjwa mezani ndipo yaanze. Ya mwezi wa tatu aliyaacha katikati kwa sababu ya kijana aliyeanguka na pikipiki. Ya mwezi wa saba aliyafuata karibu mpaka mwisho, mvua ikaja ikabeba mtandao. Ya mwezi wa tisa hata hataki kuyakumbuka.

Sasa ilikuwa Desemba, na haya ndiyo yalikuwa ya mwisho ya mtandaoni. Akiyakosa, Januari mama yeyote wa Chepkulei atakayehitaji kupasuliwa ili ajifungue atalazwa nyuma ya pikapu na kupelekwa Bomet kwa barabara ile ya mawe. Eddah aliijua barabara hiyo. Alijua pia kwamba si wote wangefika.

Kipkemoi, karani wa kituo, alimwona akija anahema. Aliinuka kwenye kiti chake, akakipangusa kwa mkono wa koti, akakisogeza kivulini.

"Keti hapa, daktari. Mimi nitasimama. Hata mguu umekufa ganzi kwa kukaa."

Kilikuwa kiti pekee pale kituoni, na majani ya kupima yalikuwa bado hayajaanza kufika. Eddah alijua kwamba mguu haukuwa na ganzi yoyote. Alimshukuru, akaegemeza simu kwenye nguzo ya mizani, akaingia darasani.

Mafunzo yalikuwa na mtego wake. Mwalimu akiwa anafundisha, ghafla dirisha dogo la bluu lilitokea kwenye kioo cha simu, lina neno moja la Kiingereza ambalo kwa lugha yetu ni "nipo". Ilikupasa ulibonyeze kabla halijatoweka. Ukikosa mara mbili, jina lako linafutwa, hata kama umekaa hapo hapo umekodoa macho kama bundi. Na mwisho kulikuwa na maswali.

Mwalimu alikuwa profesa mmoja mpole wa Nairobi, ana sauti ya mtu anayemwimbia mtoto. Somo la siku hiyo lilikuwa namna ya daktari kumsikiliza mgonjwa.

"Mgonjwa akiingia," alisema profesa, "weka simu yako kando. Mtazame usoni."

"Na wewe unaniambia hayo kwa simu," Eddah alinong'ona.

Saa ya kuleta majani ikafika. Watu walianza kujitokeza kwenye vijia, migongo imeinama chini ya vikapu na magunia, wakapanga mstari. Na watu wa Chepkulei hawawezi kumpita mtu bila kumsalimu, sembuse daktari.

"Chamgei, daktari!"

"Chamgei mising, mama."

"Wazazi hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na huko kwenu mvua ilinyesha?"

Mama Chemutai, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi kuliko wote pale kituoni, alitua kikapu chake na kumtazama anavyoinua simu juu ili ishike mtandao vizuri.

"Daktari, unavua samaki na simu? Huku ni milima, mama. Samaki wenu, nyinyi Wajaluo, mliacha ziwani!"

Mstari mzima ukacheka. Eddah naye akacheka, maana Chemutai huyo huyo ndiye aliyemletea maziwa kila asubuhi alipougua malaria, wala hakutaja habari hiyo hata siku moja. Alipogeuza macho kwenye simu, dirisha la bluu lilikuwa ndiyo kwanza linazimika.

"Ai!" Eddah alipiga kelele. "Limeenda!"

"Nini imeenda?"

Akawaeleza. Aliwaeleza habari za pointi, za leseni, za Januari, za pikapu na barabara ya mawe. Alieleza haraka na kwa uchungu, na akasema kwamba akikosa mara moja tena jina lake linafutwa. Hakuna aliyecheka tena. Kipkemoi alipanda juu ya jukwaa la mizani, akapiga makofi.

"Sikieni! Leo daktari yuko shule. Asisalimiwe na mtu. Ukitaka kusalimia, nisalimie mimi."

"Wewe tumekuchoka," alisema Chemutai, lakini kwa sauti ya chini.

Basi likaonekana jambo ambalo halijaonekana Chepkulei. Watu walipita mbele ya daktari kimya, wakimwamkia kwa kichwa, wengine wameziba midomo kwa viganja. Gunia lilipowekwa kwenye mizani liliwekwa polepole kama mtoto aliyelala. Mzee mmoja alipiga chafya akaomba radhi mara mbili. Mtu akaja na mwavuli akamshikia daktari jua lisipige kwenye simu. Mwingine akamwekea hindi la kuchemsha magotini. Eddah alitaka kuwaambia waache, kwa maana huruma yao nayo ilikuwa inamtoa darasani, lakini angewaambiaje? Dirisha likaja, akalibonyeza. Likaja tena, akalibonyeza. Kwa mara ya kwanza mwaka ule alianza kuamini kwamba atamaliza kitu alichokianza.

Hapo ndipo alipofika mzee Chepyegon.

Alikuwa mzee mrefu, ana fimbo na kofia ya sufu, mtu wa maneno machache. Alisimama hatua chache kutoka kwenye kiti. Hakuamkia kwa kichwa kama wengine.

"Chamgei, daktari."

"Chamgei mising, mzee," alijibu Eddah bila kuinua macho.

"Habari ya kazi?"

"Nzuri, mzee."

"Na majani mwaka huu si mabaya."

"Ndiyo, mzee. Naomba ungoje kidogo tu. Niko kwenye masomo."

"Mzee," alisema Kipkemoi kwa adabu, "daktari yuko shule."

"Nimesikia," alisema mzee. Akaegemea fimbo. Baada ya muda akasema, "Huko kwetu pia mvua imekuwa nzuri."

Damu ilimpanda Eddah kichwani. Profesa alikuwa anasema jambo kuhusu wagonjwa wanaoficha kinachowauma, na jambo hilo alitaka kulisikia. Aliuma meno. Mwaka mzima, alifikiri, mwaka mzima mtu hawezi kupewa saa mbili za kwake.

"Mzee wangu, tafadhali! Dakika kidogo tu!"

Sauti ilimtoka kwa ukali. Mzee hakukasirika. Aliitikia kwa kichwa, akarudi nyuma mpaka kwenye ukuta wa mabati, akasimama hapo na fimbo yake. Dirisha la bluu likaja. Eddah akalibonyeza.

Kisha, bila kujua kwa nini, aliinua macho akamtazama. Kila mtu pale kituoni alikuwa na majani, au alikuwa amekwisha kupima majani na kikapu kitupu kiko mkononi. Mzee Chepyegon hakuwa na kikapu. Viatu vyake vilikuwa na tope jekundu la bondeni, na shati lake lilikuwa limelowa jasho kifuani. Mzee wa miaka ile alikuwa amepanda kilima kwa mbio.

Eddah aliinuka.

"Mzee, nyumbani kwema?"

"Si kubaya sana," alisema mzee, akitazama chini.

Eddah alikulia kwenye nyumba za kiwanda, akicheza na watoto wa Kipsigis. Alijua kwamba mzee wa rika lile akisema si kubaya sana, ni kubaya. Alijua pia kwamba mzee wa rika lile hatataja uzazi wa mke wa mwanawe mbele ya mstari wa majirani hata ukimchoma kwa moto. Mambo hayo yote aliyajua, na ndiyo maana yalimuuma hivyo.

"Ni Fancy?" alimuuliza kwa sauti ya chini, karibu na sikio, akimtaja mkamwana wake aliyekuwa karibu kujifungua.

Mzee aligeuka. Alielekeza fimbo bondeni, upande wa hospitali.

Eddah alikimbia. Aliteremka kati ya michai bila kufuata njia, matawi yakimkwaruza, na simu aliiacha pale pale ilipoegemezwa, profesa bado anazungumza.

Ilikuwa hivi. Fancy aliletwa hospitalini na mama mkwe wake uchungu ukiwa umeshika, na Sista Bochaberi, muuguzi wa zamu, alipomgusa aliona kwamba mtoto ametanguliza mkono. Kwa kawaida mlinzi ndiye hutumwa kilimani. Siku hiyo umeme ulikuwa umepotea na mlinzi alikuwa ameinamia jenereta. Sista akatazama huku na huku, akamwona mzee amesimama mlangoni hana kazi. "Mzee, kimbia umwambie daktari aje sasa hivi!" Yeye sista ni wa Kisii, mgeni wa desturi za huko, na alikuwa na mikono ya damu. Hakupata nafasi ya kufikiri kwamba amempa mzee ujumbe ambao kinywa chake hakiwezi kuubeba.

Eddah alimpasua Fancy, na mtoto alitoka akiwa wa bluu na hana sauti. Bochaberi alimpulizia hewa, akamsugua mgongo, akampulizia tena, huku Eddah akishona na kuhesabu kimoyomoyo muda aliokaa kwenye kile kiti. Kisha kikatoka kilio chembamba, kama cha mwana-mbuzi, halafu kikubwa. Sista alifuta macho kwa bega lake.

"Mzee alichelewa kukuambia?" aliuliza.

"Aliniambia," alisema Eddah. "Mimi ndiye nilichelewa kusikia."

Jua lilikuwa linaegemea Bomet alipopanda tena kilimani kuchukua simu yake. Miguu ilikuwa mizito na moyo mzito zaidi. Alikuwa ameshajiambia kwamba mambo yamekwisha: jina limefutwa, Januari hana leseni. Alipofika juu alishangaa. Majani yote yalikuwa yamepimwa zamani, lakini watu hawakuwa wameondoka. Walikuwa wamekizunguka kile kiti kama watu wa maombi. Kipkemoi alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, imefungwa kwa leso ya Chemutai isipate vumbi.

"Mtoto?" waliuliza kwa pamoja.

"Ni msichana. Wote wawili wako salama."

Vigelegele vikapigwa. Mzee Chepyegon, aliyekuwa ameketi kwenye jiwe nje ya kundi, alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Na habari nyingine nzuri," alisema Kipkemoi, uso umemng'aa. "Tumepita!"

"Nani amepita?"

"Wewe! Kila dirisha lilipokuja, tulibonyeza. Hakuna hata moja lilitupita. Chemutai alikuwa analinda upande huu, mimi upande huu."

"Na maswali?"

"Tulipiga kura," alisema Chemutai. "Anayesema ni A ainue mkono. Huyu Kipkemoi alitaka kutupoteza kwa lile la tano, tukamkataa."

"Lile la tano lilikuwa na utata," alisema Kipkemoi.

Eddah alichukua simu. Kweli, cheti kilikuwa hapo, kina mhuri na ua la dhahabu pembeni: Hongera Daktari Eddah Amolo, umehudhuria na kufaulu. Pointi zimetimia.

Alitaka kucheka, akataka kulia, na kilichotoka hakikuwa hiki wala kile. Mwaka mzima amehangaika. Siku aliyokaa darasani kwa bidii mashine ilimfuta, na siku aliyokimbia mashine imempa ua la dhahabu. Haikumjua yeye na haikumjua karani wa majani. Ilijua kidole tu. Na mbele yake walisimama watu waliochoka, waliochuma tangu alfajiri, waliokosa kwenda kukamua ng'ombe ili wambonyezee.

Alikaa kwenye kiti. Akapiga ile namba ya msaada iliyoandikwa chini ya cheti. Ilipokelewa na msichana mchangamfu aliyejitambulisha kwa jina la Maxine.

"Daktari, naona umefaulu vizuri sana. Shida iko wapi?"

"Aliyefaulu si mimi."

"Ni nani?"

Eddah aliwatazama. "Ni kituo cha majani."

Maxine alipunguza sauti. Kisha akasema polepole, "Daktari, mimi hapa sikuulizi kitu. Wengi hawapigi simu kama hii."

"Najua."

"Nikifuta, ya mtandaoni yamekwisha. Iliyobaki ni semina moja ya Kericho, ya ana kwa ana, siku mbili, wiki ijayo. Unaweza kuja?"

Hilo ndilo alilolikimbia mwaka mzima. Siku mbili hospitali bila daktari wa upasuaji. Kipkemoi alikuwa anatikisa kichwa, anamwashiria kwa mkono: usifute, usifute.

Eddah alifumba macho. Alimwona tena mzee kwenye ukuta wa mabati. Kile ambacho profesa alikuwa anasema wakati ule hakukisikia mpaka mwisho, na siku moja cheti hiki kingesema alikisikia.

"Futa," alisema. "Uniandike Kericho."

Akakata simu. Chemutai alikuwa wa kwanza kusema.

"Kwa hivyo tumekaa hapa bure? Ng'ombe wangu analia huko."

"Tulikukosea, daktari?" aliuliza Kipkemoi.

"Hamkunikosea. Nyinyi ni watu wazuri mpaka mnanimaliza." Alimrudishia Chemutai leso yake. "Lakini nikimpasua mtoto wa mtu, nataka kile kilichoandikwa kwamba nimesoma, niwe nimesoma mimi."

Mzee Chepyegon alisema kutoka kwenye jiwe, "Basi aende. Nani atawaangalia hao wawili akienda?"

Ilikuwa haki yake kuuliza. Eddah alitafuta kwenye simu jina la Oyugi, daktari wa upasuaji waliyesoma naye chuoni, ambaye sasa alikuwa kwenye hospitali moja ya misheni upande wa Kipkelion. Oyugi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Eddah, hizo ni siku zangu za mapumziko. Nilipanga kulala."

"Najua."

"Mwaka mzima nimepanga kulala."

"Najua, Oyugi."

Alisikika akihema. "Huko kwenu kuna godoro zuri angalau?"

"Hakuna."

"Ulikuwa mkweli hivi hivi hata chuoni. Nitakuja. Usinishukuru, bado nimekasirika."

Wiki iliyofuata Eddah aliketi kwenye ukumbi wa hoteli mjini Kericho, kati ya madaktari wenye macho mekundu kama yake. Hakukuwa na dirisha la bluu. Kulikuwa na mwalimu mwenye kipaza sauti kinachokoroma na kiyoyozi kilichokataa kuzimwa. Daktari mmoja wa kike asiyemjua alimpa sweta yake bila kuulizwa. Eddah aliandika kila kitu, ila nusu ya akili yake ilikuwa Chepkulei.

Wakati wa chai alitoka nje, akapiga simu. Oyugi alikuwa amepanda kilimani kwa mara ya pili asubuhi ile ili apatikane.

"Watu wako ni wa ajabu," alisema kwa uchovu. "Fancy na mtoto hawana neno, mshono ni safi. Lakini tangu asubuhi nimesalimiwa mpaka shavu linauma. Wanaingia, wanauliza habari za mama yangu, habari za ng'ombe, na mimi sina ng'ombe. Nikiuliza shida ni nini wanasema hakuna, wanaaga. Wameshatoka hivyo watu kama kumi. Nimekuja kutibu nani?"

"Wameenda?" Eddah alishtuka. "Uliwaacha wakaenda?"

"Si wamesema ni wazima!"

"Oyugi, nisikilize. Shuka sasa hivi. Utawakuta bado kwenye benchi la nje. Usirudi kwenye meza, keti nao hapo hapo kwenye benchi. Ongea mvua kidogo. Wakianza kuaga, usiwaage. Hapo ndipo watakapokuambia."

"Haya nani alikufundisha? Yapo kwenye semina?"

"Hayapo."

Ndani walikuwa wanaita watu warudi ukumbini, na mlangoni alisimama mtu akihakikisha kila mmoja ameingia. Eddah aliitazama ile barabara inayokwenda Bomet. Kwa gari angefika kabla ya saa nane.

"Nenda kakae kwenye kiti chako," alisema Oyugi, kana kwamba amemwona. "Mimi nashuka kwa hao wa benchi. Ukirudi bila hizo pointi, mimi ndiye nitakupasua."

Alikata simu. Eddah alibaki amesimama, amekasirika bado kwamba hawezi kuwa huku na huko, amejifunika sweta ya mtu. Kisha akaingia ndani.